Nefesh: Mtu na Koo Lake

Kumbukumbu la Torati 24:6 ina sheria fupi ambayo msomaji mwenye haraka huipita. Inamkataza mkopeshaji kuchukua mawe ya kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake. Sababu inayotolewa haigusi huruma wala aibu ya mdaiwa. Sheria inasema tu kwamba anayelichukua jiwe hilo amechukua nefesh kuwa rehani.

Jiwe la juu lilikuwa kipande cha mwamba, mara nyingi ule mweusi wa volkano, ambacho mwanamke alikisukuma mbele na nyuma juu ya jiwe la chini kila siku ili nyumba ipate unga. Mkopeshaji akibeba hilo moja tu, nafaka inabaki guniani na watoto wanalala njaa. Tanzania tunawafahamu wakopeshaji wa aina hiyo. Hubeba godoro, hubeba mtungi wa gesi, hubeba cherehani ambayo mama anashonea nguo za majirani, na mtaani mikopo yao inaitwa kausha damu. Walioibuni lugha hiyo hawakuwa wakifafanua Torati, lakini waligusa palepale, maana Walawi 17:11 inasema kwamba nefesh ya kiumbe imo katika damu yake.

Nefesh basi ni kitu gani, hata jiwe la jikoni liweze kuitwa hivyo? Neno hili linatokea zaidi ya mara 750 katika Biblia ya Kiebrania. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, hulitafsiri nafsi, mara roho, mara uhai, mara kiumbe, na mara nyingine mtu tu. Siwalaumu wafasiri. Hakuna lugha inayoweza kulibeba neno hili kwa neno moja kila mahali. Lakini msomaji anayekutana na maneno matano hana njia ya kujua kwamba Mwebrania alikuwa akisikia moja, na kwamba moja hilo lilikuwa na mwili.

Tuanze na mwili huo. Isaya 5:14 inasema kuzimu imeipanua nefesh yake na kukifumbua kinywa chake pasipo kiasi. Mashairi ya Kiebrania hupenda kusema jambo moja mara mbili kwa maneno mawili yaliyo jirani, na jirani wa kinywa kilichofumbuliwa ni koo lililopanuliwa. Habakuki 2:5 inatumia picha hiyohiyo kwa mtu mwenye kiburi anayemeza mataifa. Yona, akiwa vilindini, analia kwamba maji yamemzunguka hata nefesh. Zaburi ya 69 inaanza kwa kilio cha aina hiyo. Union Version inasema nafsini katika sehemu zote mbili, na msomaji wa leo anadhani ni huzuni ya moyoni. Mwebrania alimwona mtu ambaye maji yamemfika kooni na pumzi yake ya mwisho inahesabika. Zaburi 105:18, ikikumbuka utumwa wa Yusufu kule Misri, inasema chuma kiliifikia nefesh yake. Ni pingu ya shingoni. Na katika Hesabu 11:6, watu waliochoka na mana jangwani wanalalamika kwamba nefesh yao imekauka, huku wakiwataja samaki, matango, matikiti na vitunguu saumu vya Misri kwa uchungu wa mtu aliyeonja na kunyimwa. Kinachokauka katika jangwa la Sinai ni koo.

Mwaka 1925 msomi wa Kijerumani Lorenz Dürr alichapisha makala akilinganisha nefesh na neno napishtu la Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, akaonyesha kwamba maneno yote mawili huweza kumaanisha koo. Miaka minne baadaye wachimbaji walianza kazi Ras Shamra, pwani ya Siria, penye magofu ya mji wa kale wa Ugarit. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa pale yalitia nguvu hoja hiyo. Katika masimulizi ya Baali, mungu wa mauti aitwaye Moti anajisifu kwamba nefesh yake ni ya simba, na anayeshuka kwake anashuka kupitia koo lake. Isaya alipoipa kuzimu koo, alikuwa akitumia picha ambayo majirani wa Israeli waliijua vyema.

Hapa msikilizaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mzungu hana. Kwetu, mtu asiyejizuia mbele ya sahani ni mroho. Tabia yake ni uroho, na magazeti huandika juu ya uroho wa madaraka bila kuhitaji maelezo. Kamusi zetu zinalipa neno roho, pamoja na maana zake za mbinguni, maana ya tamaa ya chakula, na hata ya koo lenyewe. Mithali 28:25 inamzungumzia mtu wa nefesh pana, yaani mwenye tamaa, na Isaya 56:11 inawaita viongozi wabaya mbwa wenye nefesh kali, wasiojua kushiba. Mswahili haambiwi mara mbili. Anawaona waroho.

Kutoka kooni, neno linapanda hadi kwenye kila kinachopita kooni. Kwanza chakula na maji. Kumbukumbu la Torati 23:24 inamruhusu mpita njia kula zabibu katika shamba la mwenzake kwa kadiri ya nefesh yake, yaani hadi ashibe, ila asitie hata moja chomboni. Isaya 29:8 inamtaja mwenye njaa aotaye anakula, akaamka na nefesh yake i tupu. Mithali 25:25 inafananisha habari njema kutoka nchi ya mbali na maji baridi kwa nefesh yenye kiu. Mhubiri anasema taabu yote ya mtu ni kwa ajili ya kinywa chake, na bado nefesh haijazwi. Kisha hamu: mpenzi wa kike katika Wimbo Ulio Bora humwita kijana wake yule ambaye nefesh yangu inampenda, na ni tamu zaidi ukijua kwamba neno hilo ndilo hutumiwa kwa kiu.

Halafu pumzi. Kiebrania kina kitenzi kilichozaliwa na nefesh, nacho kinatokea mara tatu tu katika Biblia nzima. Mara moja ni Daudi, akikimbia uasi wa mwanawe Absalomu, amefika mahali amechoka na kuvuta pumzi. Mara ya pili ni Kutoka 31:17, ambapo Mungu mwenyewe, baada ya siku sita za kuumba, anapumzika na kuvuta pumzi. Mara ya tatu ni Kutoka 23:12, katika amri ya Sabato: ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi na mgeni wavute pumzi. Ukitazama nani anatajwa hapo, utaona ajabu yake. Mwenye shamba ameamriwa kuacha kazi, lakini kitenzi hiki cha heshima, ambacho kwingine Torati inakitumia kwa Muumba peke yake, wamepewa mtoto wa mtumwa na mtu aliyetoka kwingine. Kiswahili kinaihifadhi hisia hiyo bila kutafsiri chochote, kwa kuwa kupumua na kupumzika ni ndugu kwetu pia. Anayemnyima mfanyakazi siku ya mapumziko anamnyima pumzi.

Sehemu ambapo wasomaji wengi hukosea ni Mwanzo 2:7, na kosa lenyewe limejengewa nyumba kubwa. Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi puani, na mtu anakuwa nefesh hayya. Union Version inasema nafsi hai. Mahubiri mengi husimama hapo na kutangaza kwamba ndipo mwanadamu alipopewa kitu ambacho mnyama hana. Lakini maneno hayohayo mawili, nefesh hayya, yamekwisha kutumiwa katika sura ya kwanza, mstari wa 20 na 21, kwa samaki na viumbe vya baharini, na katika mstari wa 24 kwa wanyama wa nchi kavu. Yanarudi tena katika 2:19 kwa wanyama wanaoletwa kwa Adamu awape majina. Katika Union Version wanyama wale ni kiumbe hai, na mtu ni nafsi hai. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa imefanya mgawanyo uleule. Ukuta kati ya mtu na mnyama umejengwa na wafasiri, si na aya.

Sisemi kwamba Mwanzo haimtofautishi mtu na mnyama. Inamtofautisha waziwazi kwa sura na mfano wa Mungu katika 1:26. Lakini katika nefesh wamelala zizi moja. Hesabu 31:28 inahesabu nyara kwa nefesh, na katika hesabu hiyo watu, ng'ombe, punda na kondoo wanakwenda pamoja. Mithali 12:10 inasema mwenye haki anaijua nefesh ya mnyama wake, nayo ni sentensi ya mfugaji anayejua ng'ombe wake amekunywa maji lini.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: nefesh ni kiumbe chenye uhai kikitazamwa kwa upande wa uhitaji wake. Ni mtu kadiri anavyohitaji hewa, maji, ugali, usingizi, mwenzi na Mungu, na anavyoweza kufa akikosa. Hans Walter Wolff, mtaalamu wa Kijerumani aliyeandika mwaka 1973 kitabu juu ya mwanadamu katika Agano la Kale, aliiita sura yake ya nefesh mtu mwenye uhitaji, na sijaona jina lililo bora. Wala nefesh si mgeni aliyepanga chumba ndani ya mwili. Ndiyo maana nefesh inatumika kuhesabu watu, kama wale 70 wa nyumba ya Yakobo waliokwenda Misri. Ndiyo maana pia Mwebrania husema nefesh yangu anapotaka kusema mimi.

Kiswahili kimerithi ndugu wawili wa maneno ya Kiebrania kupitia Kiarabu, na historia yao ni ya kupendeza. Nafsi ni ndugu wa damu wa nefesh. Roho ni ndugu wa ruakhi, neno la Kiebrania la upepo, pumzi na roho. Mtu angetarajia kila mmoja afuate nyayo za nduguye. Haikuwa hivyo. Nafsi kwetu imekwenda upande wa umimi: tunasema nafsi ya kwanza na nafsi ya pili katika sarufi, mali binafsi, na Wakatoliki hukiri Mungu mmoja katika nafsi tatu. Tumbo na koo, ambavyo Kiebrania kiliviweka kwa nefesh, vimehamia kwa roho. Kwa hiyo Union Version inapotafsiri nefesh kuwa roho katika Kumbukumbu la Torati 6:5, kwamba tumpende Mungu kwa moyo wote, kwa roho yote na kwa nguvu zote, haijakosea kama wakosoaji wengine wanavyodai. Mswahili wa mtaani, anayejua roho ni nini ikiona pilau, yuko karibu na Musa kuliko msomi anayeisikia roho ya wanafalsafa. Ndugu wa tatu yupo pia, na mara nyingi hatambuliwi: nafasi. Kwa Kiarabu asili yake ni pumzi, na tunapomwambia mtu ampe mwenzake nafasi, tunamwambia, bila kujua, ampe mahali pa kuvuta hewa.

Hapa nahitaji kujizuia, kwa kuwa raha ya asili za maneno ina hatari yake. Mwaka 1961 James Barr alichapisha kitabu kilichowatikisa wataalamu wa Biblia, akionyesha jinsi walivyojenga teolojia nzima juu ya mizizi ya maneno bila kujali yanavyotumika. Alikuwa na haki. Si kila nefesh katika Biblia ni koo, kama vile si kila tunaposema binafsi tunafikiri juu ya pumzi. Kutoka 21:23 inaposema nefesh kwa nefesh, ni uhai kwa uhai, na kuingiza koo hapo ni mchezo. Maana ya neno hupatikana katika sentensi yake. Ninachodai ni kwamba sentensi nyingi sana za nefesh, zikisomwa moja moja, zina njaa, kiu, uchovu au hatari ya kufa ndani yake.

Je, roho ile isiyokufa, inayotoka mwilini kama ndege kutoka tunduni, ilitoka wapi? Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria nchini Misri walianza kuitafsiri Torati kwa Kigiriki. Mara 600 hivi walitumia psukhe kwa nefesh. Halikuwa chaguo baya, kwa kuwa katika Kigiriki cha zamani psukhe nayo ilihusu pumzi na uhai. Tatizo ni kwamba Plato alikuwa ametangulia. Katika kitabu chake Phaedo, Sokrate, siku anayokunywa sumu, anafundisha marafiki zake kwamba psukhe haifi na kwamba mwili ni kizuizi chake. Msomaji aliyelelewa na Plato alipokutana na psukhe katika Zaburi, alileta mgeni huyo ndani ya nyumba ya Daudi. Kilatini kikafuata na anima, na wamishenari waliokuja pwani yetu katika karne ya 19 walikuja na katekisimu zilizokwisha kupita njia hiyo yote. Kuokoa roho kukawa jina la kazi yao, na mwili ukabaki kama mzigo uliozibeba roho hizo hadi kanisani.

Lakini sikiliza psukhe katika kinywa cha Yesu. Katika Mathayo 6:25 anawaambia watu wasiisumbukie psukhe yao, wale nini. Psukhe ya Plato haili. Katika Luka 12:19 tajiri mpumbavu anaiambia psukhe yake ipumzike, ile na inywe, naye ni mtu aliyejaza maghala. Katika Marko 3:4, siku ya Sabato, Yesu anawauliza wapinzani wake kama ni halali kuiokoa psukhe au kuiua, na mbele yao amesimama mtu mwenye mkono uliopooza. Mkono! Kigiriki kile kimevaa kanzu ya Athene, lakini koo ni la Galilaya.

Upande wa pili una ushahidi wake, na si haki kuuficha. Raheli anapokufa akijifungua Benyamini, Mwanzo 35:18 inasema nefesh yake ilikuwa ikitoka. Eliya anapomwomba Mungu juu ya mtoto wa mjane wa Sarepta, nefesh ya mtoto inarudi ndani yake. Wengi husoma hapo safari ya roho kwenda na kurudi. Pumzi inatosha kuzifafanua aya hizo mbili, lakini kuna jambo gumu zaidi. Mwaka 2008 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walipata huko Zincirli, kusini mwa Uturuki, jiwe la ukumbusho la ofisa mmoja aitwaye Katumuwa, la karne ya 8 kabla ya Kristo. Maandishi yake, kwa lugha iliyo jirani na Kiaramu, yanaagiza kondoo dume atolewe kwa ajili ya nefesh yake iliyomo ndani ya jiwe hilo. Mtu amekufa, na nefesh yake inakaa kwenye mwamba. Baadaye Wayahudi nao waliliita jengo la ukumbusho juu ya kaburi nefesh. Mwaka 2015 Richard Steiner aliandika kitabu kizima akitetea kwamba Israeli ya kale nayo iliijua nefesh inayoweza kuuacha mwili, akitegemea jiwe la Katumuwa pamoja na Ezekieli 13, penye wanawake wanaowinda nefesh za watu.

Steiner anastahili kusomwa kwa makini, na waliokuwa wakifundisha kwamba fikra za aina hiyo hazikuwepo kabisa kabla ya Wagiriki wamelazimika kulegeza kauli. Hata hivyo nalitazama jiwe la Katumuwa na kuona kitu ambacho wanaobishana mara nyingi wanakipita. Nefesh ile, ingawa imetoka mwilini, inadai kondoo. Inataka kula. Hata ikihamia kwenye mwamba, imehama na njaa yake, wala haina jambo lolote la kufanana na psukhe ya Sokrate iliyofurahi kuachana na tumbo.

Kisha kuna aya zinazosema kinyume kabisa cha kutokufa. Samsoni anaomba nefesh yake ife pamoja na Wafilisti. Balaamu anaitakia nefesh yake kifo cha wenye haki. Ezekieli 18:4 inasema nefesh itendayo dhambi itakufa. Hesabu 6:6 inamkataza mnadhiri kuikaribia nefesh iliyokufa, yaani maiti, na katika sheria za unajisi neno nefesh peke yake huweza kumaanisha maiti ya mtu. Kurani inapofundisha kwamba nafsi zote zitayaonja mauti, inazungumza kwa neno ndugu na kwa hisia ambayo Ezekieli angeitambua.

Afrika Mashariki ubishi huu unaishi nje ya vitabu. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Kisii na Mara, hufundisha kwamba wafu hawana fahamu hadi ufufuo, na Mwanzo 2:7 ni nguzo yao. Wakatoliki hufundisha kwamba roho haifi na hukutana na Mungu mara baada ya kifo. Nimesikia matanga yakigeuka midahalo kwa sababu hiyo, na mfiwa akisahauliwa pembeni. Maoni yangu ni kwamba nefesh haiwezi kuamua kesi hiyo. Waadventista wana haki wanaposema neno hili halimaanishi sehemu isiyokufa. Lakini fundisho la maisha baada ya kifo halikujengwa juu ya neno moja. Limejengwa juu ya Danieli 12:2, juu ya kaburi tupu, juu ya barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 15, na huko ndiko lipimwe.

Nefesh yenyewe ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo imeachwa bila mtu kwa sababu ya ubishi wa mauti. Rudi katika Kumbukumbu la Torati 24, mistari michache baada ya mawe ya kusagia. Mstari wa 15 unaagiza kibarua alipwe ujira wake siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini, naye ameuinulia ujira huo nefesh yake. Picha ni ya mtu aliyeinua shingo kumtazama tajiri anayepita, kwa kuwa unga wa jioni uko mfukoni mwa tajiri huyo. Kutoka 23:9 inakataza kumwonea mgeni, na sababu ni kwamba Waisraeli wanaijua nefesh ya mgeni, kwa kuwa walikuwa wageni Misri. Sheria haiwaambii wafikirie mgeni anahisi nini. Inawaambia wanajua tayari, kwa njaa na kiu na hofu waliyoipitia wao wenyewe. Na Isaya 58, sura ya saumu ya kweli, inacheza na neno hili kwa ufundi mkubwa katika mstari wa 10: mtu anaombwa aitoe nefesh yake kwa mwenye njaa na kuishibisha nefesh iliyoteswa. Nefesh moja inafunguka, nyingine inashiba.

Hata Zaburi ya 23 inabadilika. Mstari wa 3 wasema mchungaji anairudisha nefesh yangu, na tumezoea kusikia faraja ya ndani. Kitenzi hicho, kurudisha nefesh, kinatokea pia katika Maombolezo 1:11, ambapo watu wa Yerusalemu iliyotekwa wanatoa hazina zao wapate chakula cha kurudisha nefesh. Kinatokea katika Ruthu 4:15, wanawake wa Bethlehemu wakimwambia Naomi kwamba mjukuu wake atairudisha nefesh yake. Huyu ni mwanamke aliyekimbia njaa, akazika mume na wana wawili. Kondoo wa Zaburi amepelekwa penye majani na maji. Amekunywa. Faraja ipo, tena kubwa, lakini imepita kooni.

Hana anastahili aya yake. Katika 1 Samweli 1 yuko Shilo, hana mtoto, mke mwenzake amemchokoza hata halii tu bali hataki kula. Anaomba, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli anatazama kinywa chake na kudhani amelewa. Hana anamjibu kwamba hajanywa divai bali ameimimina nefesh yake mbele za Bwana. Jibu hilo lina ukali ambao tafsiri nyingi zinaupoteza: kuhani alidhani kuna kilichoingia kooni mwake, naye anasema kinatoka. Hana anaomba kwa koo lililofunga chakula na kukosa sauti, na Biblia inaona hilo kuwa sala kamili.

Walioendelea kulisikia neno hivi zaidi ya wengine ni marabi. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi katika karne ya 2, alikufa akikiri amri ya kumpenda Mungu kwa nefesh yote, naye aliielewa kuwa hata kama Mungu anauchukua uhai wako. Na Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, ina fungu katika kitabu cha Yoma, sura ya 8, ambalo Rabi Matya ben Harash anaamua kwamba mtu anayeumwa koo siku ya Sabato atiwe dawa kinywani, kwa kuwa kuna shaka ya hatari kwa nefesh, na shaka yoyote ya nefesh huiondoa Sabato. Amri ile kuu, ya siku ambayo Mungu mwenyewe alivuta pumzi, inasimama kando kwa ajili ya koo la mtu mmoja, tena kwa shaka tu.

Fungu linalofuata linahusu jengo lililoanguka siku ya Sabato. Haijulikani kama kuna mtu chini yake au hayupo, kama yu hai au amekufa, kama ni Mwisraeli au mtu wa mataifa. Mishna inaagiza kifusi kiondolewe. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na waokoaji walichimba kwa siku kadhaa katika shaka hiyohiyo. Marabi wale hawakuuliza kwanza dini ya aliyefukiwa. Waliandika kwamba akikutwa hai, wachimbaji waendelee kumfukulia.